Jambia la babu: ni la Maskati kweli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Marehemu babu yangu, mzaa baba, alikuwa baharia wa majahazi, mzaliwa wa Lamu, akafia Mombasa mwaka 1987. Katika sanduku lake tulikuta jambia ambalo nyumba nzima tumekuwa tukiliita "jambia la Kiarabu". Shangazi anasema babu alipewa huko Maskati na tajiri mwenye jahazi. Baba mdogo anakataa, anasema lilirudi na ndugu yake babu aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya Hitla. Juzi amekuja mnunuzi wa vitu vya kale, akaligeuzageuza dakika mbili, akasema ni la Oman, la karne ya 18, na bei akaitaja. Urefu wote ni sentimita 41, chuma peke yake 27, na pale penye upana zaidi ni sentimita 5. Mpini ni mweusi, juu una kama masikio mawili na kitu cheupe katikati ambacho hatujawahi kukiona kikiingia weusi. Ala ni ya ngozi, nayo ina ukanda wa turubai la kaki. Limeshika kutu. Nimeambatisha picha sita. Limetoka wapi hasa, lina umri gani, na je, nilipeleke kwa sonara aling'arishe kabla sijaamua la kufanya? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha zote sita, na ile ya nne nimeirudia mara nyingi. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: usilipeleke kwa sonara. Usilisugue kwa msasa, wala kwa majivu, wala kwa ndimu na chumvi, wala kwa dawa ya kung'arishia shaba. Lifunge katika kitambaa kikavu, uliweke juu ya kabati, kisha ukae usome.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma mtu mmoja aliniletea jambia la ukoo wao, akitaka kujua asili yake, naye kwa heshima ya mgeni alikuwa amelipitisha kwanza kwa fundi mwenye mashine ya kung'arishia. Lilimetameta kama kijiko cha harusi. Alama za nyundo zilikuwa zimekwisha, ukingo wa makali umekuwa butu, na ule uchafu mweusi ulioganda kwa miaka baina ya mpini na chuma ulikuwa umekwanguliwa wote. Uchafu huo ndio uliokuwa na majibu aliyoyataka. Nilimrudishia mwenyewe nikamwambia ukweli, na sura yake ya siku ile naikumbuka mpaka leo. Lako, alhamdulillahi, bado lina kila kitu.

Sasa asili. Jambia lako si la Oman, si la karne ya 18, na wala si la Kiarabu. Ni jambia la Kisomali, lile ambalo wenyewe huliita billaawe. Katika orodha za wakusanyaji wa Ulaya utalikuta limeandikwa billao au belawa, ni hilohilo. Nitakueleza nilivyofika hapo, maana hupaswi kuniamini mimi kwa neno tupu kama ambavyo hukupaswa kumwamini mnunuzi kwa dakika zake mbili.

Anza na chuma. Lichomoe alani, ulilaze juu ya meza, uweke rula ubavuni. Bapa lako limenyooka kutoka kwenye noleo, ile pete baina ya mpini na chuma, hadi kwenye ncha, linatanuka kidogo kupita katikati, kisha linachongoka kama jani la mwembe. Makali yako pande zote mbili, na katikati unapita uti ulioinuka. Jambia la Kiomani halilali hivyo. Itazame bendera ya Oman, kona ya juu upande wa mlingoti: pale pana hanjari, ndilo jambia la Kiomani, juu ya panga mbili zilizopishana, na kipande kinachokuvuta jicho ni ala yake iliyokunjwa kama kiwiko cha mkono. Ala ya Kiomani hupinda karibu pembe mraba hata kama chuma kilichomo ndani kimepinda kidogo tu. Huvishwa nyuzi za fedha au bamba la fedha lenye nakshi, na pale kati huwa na pete za fedha za kufungia mshipi. Kwa kawaida pete ni nne. Aina iitwayo Saidi, inayohusishwa na ukoo wa watawala waliohamishia baraza lao Unguja zama za Sayyid Said bin Sultan, huwa na saba. Mabaharia wa Sur, ambao ndio wazee wetu waliwaona zaidi bandarini, walikuwa na namna yao ndogondogo iitwayo Suri. Kazi ya kuzitengeneza iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2022, nayo yastahili. Lakini mwanangu, jambia lako halina fedha, halina pete, halina kiwiko. Mtu anayejua hanjari hahitaji hata dakika mbili kuona kwamba hii siyo.

Huenda mtu akakwambia basi ni la Yemeni, kwa kuwa Lamu na Mombasa zimejaa familia za Washihiri kutoka Hadhramaut. Vilevile hapana. Majambia ya Yemeni nayo yamepinda, na ya Hadhramaut ala yake hupanda juu kwa mkunjo mkali zaidi ya yote. Ila Yemeni inanifanya nisimame kwenye jambo jingine ambalo kwa mtu wa Kenya si dogo, nalo ni pembe ya mpini.

Kule Yemeni mpini wenye hadhi kuliko yote ulikuwa wa kipusa, yaani pembe ya kifaru. Miaka ya 1970, fedha za vibarua waliokuwa wakifanya kazi Saudia zilipoingia Yemeni, kila kijana akataka jambia la mpini wa kipusa, na vifaru wa Afrika Mashariki wakalipia kwa roho zao. Yemeni ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, CITES, ulikuwa umekwisha kuifunga biashara hiyo tangu 1977, lakini porini hasara ilikuwa imekwisha tokea. Kwa hiyo kila mpini mweusi unaoletwa mbele yangu, hilo ndilo swali la kwanza ninalojiuliza.

Fanya hivi usiku. Zima taa, washa tochi, iweke nyuma ya ncha ya sikio moja la mpini, pale pembe ilipo nyembamba. Kipusa hupitisha mwanga wenye rangi ya asali, na ukitazama mahali kilipokatwa kwa upana utaona vidotodoto vingi vilivyosongamana, kama ncha za brashi iliyobanwa, kwa sababu kipusa ni nyuzi zilizoshikana tangu ndani hadi nje, hakina mfupa katikati. Pembe ya ng'ombe au nyati ni kitu kingine: ina tabaka, hubanduka kama ukucha, na mistari yake hufuata urefu. Picha yako ya tatu inaonyesha sikio la kushoto limebanduka kijitabaka chembamba kabisa pembeni. Hiyo ni pembe ya ng'ombe au nyati, na ndiyo inayotarajiwa kwenye billaawe. Usijaribu ile mbinu ya kuchoma kwa sindano ya moto. Inaacha kovu, na haikwambii chochote ambacho tochi haijakwambia.

Na mpini wenyewe ndio unaotaja kabila. Silaha nyingi za Kiafrika hutambulika kwa mpini kabla ya chuma, kwa sababu chuma hufuata kazi na kazi ya kuchoma na kukata ni moja kila mahali, bali mpini hufuata desturi. Mpini wako umebanwa kiunoni pale mkono unaposhika, halafu juu unafunguka kuwa masikio mawili ya pembe, na katikati yake kunasimama kichwa cha madini meupe, ndicho mwisho wa msuka, ule mkia wa chuma uliopita ndani ya mpini wote. Ukiutazama kwa mbele unaona ncha tatu, kama taji. Chini, pale mpini unapokutana na chuma, pana noleo la madini hayohayo meupe. Ukivikuta vyote hivyo kwa pamoja, masikio, kichwa cheupe, jani la chuma lililonyooka na ala ya ngozi tupu, hujabakisha shaka. Huo ni mkono wa Kisomali.

Nilililinganisha na majambia mengine kabla ya kukuandikia, nisije nikakurupuka. Sime ya Kimaasai imenyooka pia na ina makali pande mbili, lakini hutanuka karibu kabisa na ncha, mpini wake ni mdogo uliovishwa ngozi bila pambo, na ala yake nyekundu utaijua hata gizani kwa kuipapasa. Jambia la Waafar wa kule Djibuti na Ethiopia, liitwalo gile, ni jirani wa karibu zaidi wa billaawe, ila limepinda. La Watuareg huvaliwa mkononi, chini ya kiwiko upande wa ndani, kwa pete ya ngozi iliyoshonwa kwenye ala, na mpini wake ni kama msalaba. Hakuna hata moja kati ya haya linalofanana na lako.

Waliolitengeneza? Kwa desturi ya Wasomali uhunzi ulikuwa kazi ya watu wa Tumaal, na kazi ya ngozi aghalabu ilikuwa ya watu wa Gaboye. Wote wawili walitengwa. Koo nyingine hazikuoana nao, ingawa hakukuwa na mwanamume aliyejiona amekamilika kiunoni bila kazi ya mikono yao. Jambo hili hunikera kila nikishika billaawe nzuri. Makumbusho za Ulaya zimejaa kazi za Tumaal, na kibandiko kimeandikwa jina la afisa aliyelichukua. Kwa hiyo siku ukiandika historia ya jambia hili kwa watoto wako, litaje na hilo.

Umri sasa. Hapa ndipo ile picha ya nne niliyoirudia. Karibu na noleo, upande wa kulia wa uti, kuna vijistari vya mshazari, sambamba, vyembamba kama vya kitana, vinaonekana kisha vinapotea chini ya kutu. Hayo si nakshi. Ni meno ya tupa. Mhunzi aliichukua tupa kuukuu ya kiwandani, chuma kigumu kizuri kilicholetwa na meli, akaipasha moto na kuifua hadi ikawa jani, na mahali hapo nyundo haikufuta meno yote. Huu ulikuwa ujanja wa wahunzi wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki mara tu tupa za viwandani zilipozoeleka, kabla ya springi za malori kuchukua nafasi yake. Sasa unaelewa kwa nini nilikukataza sonara. Dakika tano za msasa zingeifuta alama hiyo, nawe ungebaki bila shahidi wako bora.

Shahidi wa pili ni kile kichwa cheupe. Unasema hakijawahi kuingia weusi. Fedha ingeingia, tena katika hewa ya chumvi ya Kisauni ingekuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa ndani ya miaka michache. Katika picha ya pili naona vishimo vidogo vyenye unga mweupe. Hiyo ni tabia ya alumini iliyokaa pwani. Na alumini ina tarehe yake. Kabla ya 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua kila mmoja kivyake njia ya kuitenga kwa umeme, ilikuwa madini ya anasa. Ilichukua miaka mingine kabla ya kushuka bei kiasi cha kufika kwa mhunzi wa Benadir, pwani ya Somalia. Kwa hiyo kichwa hiki hakiwezi kuwa cha karne ya 18, wala cha katikati ya karne ya 19.

Utaniuliza, je, kama kiliwekwa baadaye, cha kwanza kikiwa kimeng'oka? Swali zuri. Nilitazama mpaka kati ya alumini na pembe. Uchafu umejaza ule mwanya sawasawa kuzunguka kote, haukukatika popote, na pembe haina mkwaruzo wa kitu kilichochokonolewa. Na noleo la chini lina rangi ileile na unga uleule. Mtu akitengeneza silaha iliyovunjika hutengeneza palipovunjika tu, habadilishi juu na chini kwa madini mamoja. Mimi naamini vimezaliwa pamoja na jambia.

Shahidi wa tatu ni makali. Silaha ya ukumbusho, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, huwa na bapa jembamba ambalo halijawahi kunolewa, na nakshi nyingi alani. Lako limeliwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kuna mtu aliyelinoa upande uleule mwaka baada ya mwaka, akichinjia, akichunia, akikatia kamba. Lilikuwa na mwenyewe kabla halijaingia ukoo wenu, na mwenyewe huyo alilitumia kazi.

Kwa hiyo kama mimi ndiye ningeandika kibandiko chake, kingesomeka hivi: Jambia (billaawe), Wasomali, nusu ya kwanza ya karne ya 20. Chuma kilichofuliwa kutoka tupa, pembe, alumini, ngozi. Ukanda wa turubai umeongezwa baadaye.

Ukanda huo unatupeleka kwa shangazi na baba mdogo. Ukiitazama ala kwa nyuma utaona pande zote mbili vipande vifupi vya ngozi vilivyokatwa kwa kisu. Hapo ndipo ulipokuwa mshipi wake wa asili, mpana, wa ngozi, wa kuzungushwa kiunoni. Mtu aliukata, pengine ulikuwa umekauka na kupasuka, akashonea turubai la kaki lenye bizimu ya shaba, la namna ya mikanda ya jeshi la Waingereza. Baba mdogo atafurahi. Na kweli hadithi yake ina miguu: Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalivuka mpaka, Kismayu ikachukuliwa tarehe 14 na Mogadishu tarehe 25, na Keya walikuwa miongoni mwao, kisha askari wa Afrika Mashariki wakabaki huko miaka kadhaa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Askari wengi walirudi na vitu. Lakini asiharakishe kushangilia. Baada ya vita mikanda ya jeshi iliuzwa na kuchuuzwa masokoni hadi kila fundi viatu akawa nayo. Ukanda unatwambia kwamba wakati fulani, pengine tangu miaka ya 1940, kulikuwa na mtu aliyetaka jambia hili liendelee kuvalika au kutundikwa. Haumtaji mtu huyo.

Na shangazi? Mimi sioni kwamba amekosea kama watu wanavyodhani. Fikiria safari yenyewe. Baharia wa Lamu anakwenda Arabuni na kusi, labda jahazi limesheheni boriti za mikoko, na anarudi na kaskazi, baina ya Desemba na Machi. Jahazi linaloshuka na kaskazi kutoka Maskati kuja Lamu haliruki angani. Linapita pwani yote ya Benadir na kugusa bandari zake: Mogadishu, Marka, Barawa, halafu Kismayu. Barawa pana watu wanaosema Chimwini, lahaja ya Kiswahili, na Mswahili wa Lamu akishuka pale hapati shida ya kuuliza bei. Kutoka Kismayu kuja kusini ni visiwa vya Wabajuni, watu wetu kabisa. Bandari zote hizi wazee wetu hawakuziona kuwa ughaibuni. Za Benadir zilikuwa chini ya Sultani wa Unguja hadi Wataliano walipozikodi mwaka 1892 na kuzinunua 1905, na Kismayu ilitawaliwa pamoja na Kenya hadi Jubaland ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925.

Sasa mzee amerudi nyumbani baada ya miezi kadhaa. Watoto wanakimbilia sanduku. "Umetoka wapi, baba?" "Maskati." Kila kilichomo sandukuni kinakuwa cha Maskati, halua na jambia pamoja. Shangazi yako amehifadhi jina la safari, na huenda amelihifadhi sawasawa. Kitu chenyewe kiliingia chomboni njiani. Au, ndiyo, huenda alipewa Maskati hasa, na aliyempa alikuwa Msomali, kwa kuwa Wasomali nao ni mabaharia. Hadithi ya shangazi na ya baba mdogo zote zinaweza kusimama na billaawe hili. Ya mnunuzi ndiyo isiyoweza.

Simtuhumu mnunuzi wako kwa udanganyifu. Huku pwani kila jambia huitwa la Oman, na watu wa vitabu nao wamefanya makosa makubwa kuliko hayo. Kuna jambia la Moroko liitwalo s'boula, lenye mpini wa umbo la herufi H, mara nyingi chuma chake ni singe ya Kifaransa iliyokatwa. Katika karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Ulaya aliliandika kuwa ni "upanga wa Zanzibar", wengine wakanakili, na miaka mingi majina yakasafiri hivyo katika orodha za minada, ilhali wazee wa Unguja hawajawahi kuliona. Jina likishachapwa, ni kazi kulifuta. Kwa sababu hiyo nakuomba sana: mnunuzi akikuletea karatasi ya kutia saini kwamba kitu hiki kilitoka Maskati karne ya 18, usitie saini. Saini yako, mjukuu wa baharia wa Lamu, ndiyo itakayomfanya mnunuzi wa tatu na wa nne aamini.

Kuhusu kuuza, uamuzi ni wenu. Jueni tu kwamba sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895, na hakitoki nje bila kibali. Kwa umri ninaoukadiria lako haliko humo, lakini mtu akisema ni la karne ya 18 anajiingiza mwenyewe humo. Na sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii kipusa na pembe za ndovu pekee. Mpini ukiwa wa nyati, hiyo nayo ni pembe ya mnyama wa porini, kwa hiyo waulize Kenya Wildlife Service kabla jambia halijabadilisha mikono au kuvuka mpaka. Ukitaka jicho la pili, lipeleke Fort Jesus uwaombe wahifadhi walitazame. Kule utaona pia vitu vya Kiomani ulinganishe mwenyewe.

Utunzaji ni mwepesi kuliko watu wanavyoufanya. Kosa kubwa tunalofanya pwani ni kuhifadhi chuma ndani ya ala. Ngozi hunywa unyevu na chumvi, kisha humnywesha chuma taratibu, na ndiyo maana kutu yako ni nzito chini kuliko juu. Vitenganishe leo. Bapa lifute kwa brashi laini kavu, kisha kitambaa kilichoguswa tone moja la mafuta ya cherehani, upite juu juu bila kusugua. Kutu iliyotulia, ya kahawia nzito, iache. Ya rangi ya chungwa inayotoka unga ndiyo iliyo hai, na hiyo mafuta yataituliza. Ala usiipake mafuta ya nazi hata kama bibi zetu walifanya hivyo, maana huoza na kuita wadudu. Ijaze kidogo kwa karatasi nyeupe isiyo na wino ili isisinyae. Pale bizimu ya shaba inapogusa ngozi umeota ute wa kijani. Utoe kwa kijiti cha mianzi, polepole, uweke kipande cha kitambaa cha pamba katikati. Visikae kwenye mfuko wa plastiki, maana ni sawa na kuvifungia mvuke. Funga kila kimoja katika marekani iliyofuliwa ikasuuzwa vizuri, na kila msimu wa mvua ukikwisha vifungue uvitazame.

Na kuna jambo moja ambalo wewe unaweza na mimi siwezi. Mchukulie shangazi kahawa jioni moja akiwa ametulia, umpe ala mkononi bila chuma. Usimuulize limetoka wapi, maana hilo keshalijibu mara nyingi na jibu limeganda. Muulize alipokuwa msichana lilikuwa likitundikwa chumba gani, na huo ukanda wa kaki ulikuwepo siku zile, au anaukumbuka wa ngozi. Akiukumbuka wa ngozi, na akiweza kukwambia alikuwa na umri gani, niandikie.